Jina Nililopewa Kabla ya Kakule

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kumpima baba yangu kama mti.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwenye kitalu cha misonobari, vilimani juu ya Goma. Kazi yetu ilikuwa kuozesha miti, kama mzazi aozavyo binti. Tulichagua mti mama ulionyooka, tukafunika koni zake changa, yale matunda yabebayo mbegu, kwa mifuko ya karatasi, kisha tukapulizia ndani chavua ya mti baba tulioutaka. Lakini upepo haubishi hodi. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Ah, cha msonobari kinazaa! Mfuko ukitoboka, chavua ya jirani inaingia, na mche humjui baba yake kwa macho. Kwa hiyo tulituma majani yake maabara, wakasoma alama za vinasaba na kuzilinganisha na za wazazi. Mche uliokosa alama za baba tuliuondoa, mkulima asije akangoja miaka na miaka kwa mti uliopinda.

Sasa, mimi mwenyewe niliokotwa. Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alinikuta nikilia kando ya barabara ya kwenda Kiwanja, watu wakikimbia vita, akanibeba. Hilo hakunificha. Lakini majirani wa mtaa wetu wa Katoyi walinong'ona kwamba mimi ni mtoto wake wa nje, eti tunafanana mwendo. Jinsi nilivyotamani iwe kweli! Majibu ya miche yaliporudi, nilikwenda mbio nyumbani kumwambia kuwa hata watu hupimwa hivyo.

Papa alikuwa anamenya viazi. Akasimamisha kisu.

"Na ikisema hapana?"

Nikaokota kiazi, nikakigeuza-geuza mkononi.

"Sikia, Kasereka. Muti banaiulizaka baba yake sababu mbegu yake itaenda kwa mashamba ya batu. Ni muzuri, mufanye kazi yenu. Lakini we, jina yako ni ya ngapi?"

"Ya tatu, Papa."

Kwetu Wanande, majina ya watoto wa kiume huhesabu: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule.

"Mama yako alipozala mudogo yako, bashangazi bakasema huyu ndiye wa tatu, apewe Kasereka. Nikabaambia, Kasereka iko tayari, iko analala pale kwa mukeka. Huyu ni Kakule." Akarudia viazi vyake. "Nilikuhesabu mbele ya ukoo. Unataka nihesabu tena?"

Nililia, mwanangu, wala sioni haya kusema. Ndugu yangu amebeba jina la wa nne hadi leo ili mimi nibaki na la tatu. Maabara ingeniambia nini zaidi?

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Basi mti uulize baba yake, tena uulize vizuri, kwa kuwa mwingine ataupanda akikuamini. Lakini mtu aliyekuhesabu kati ya wanawe, usimdai ushahidi. Kaa naye, mmenye viazi pamoja maadamu yupo. Na siku ya kuhesabu ikifika kwako, Mungu akujalie moyo usioruka mtoto.