Asante Haitolewi Mlangoni

Niliondoka Kimilili na nia moja tu: kwenda kumrudisha binti yangu Nafula nyumbani. Akina mama wa kanisa mlioniombea safari mlijua hilo, maana mimi siri hainikai. Nafula alikuwa amepasuliwa kidole tumbo huko Dubai, na wiki zote hizo akinipigia simu alikuwa akisema, "Niko sawa, Mama." Ukweli niliusikia Krismasi, tena kwa jirani aliyekuwa amekuja likizo. Haki nilikasirika. Mtoto wangu amelala hospitali ugenini, na mimi huku napepeta maharagwe nikicheka na majirani! Aliponitumia tikiti nikamtembelee, nilifunga mzigo siku hiyohiyo.

Uwanja wa ndege wa Dubai, Januari 2015. Nilikuwa nimeambiwa jua la huko linakaanga yai. Uongo mtupu. Ilikuwa majira yao ya baridi, na kabaridi kenyewe kalikuwa katamu kama ka kwetu asubuhi. Watu wamejifunga mitandio mpaka masikioni, nami niko na gauni la mikono mifupi. Nafula alinikumbatia, nikampapasa mbavu nijue amekonda kiasi gani.

Tulifika anakoishi, Discovery Gardens, chumba kimoja wasichana wanne. Hata chai sikuimaliza. Nilimwambia tutarudi wote, kazi ya ulinzi kama yake iko hata Bungoma, na kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nafula hakubishana. Huyo mtoto alirithi kichwa changu, lakini subira aliitoa kwa babake.

"Mama, walionilinda nikiwa mgonjwa hujawaona," alisema. "Waendee uwashukuru kwanza. Ukimaliza, sema unalotaka, nitakusikia."

Nikakubali. Na kwa kuwa yeye husimama kwenye lango la ghala kutwa nzima, ilibidi niende peke yangu. Wengine huzuru Dubai kutazama majengo marefu. Mimi niliizunguka nikiwafuata watu waliomtunza mwanangu, kikapu cha njugu na simsim mkononi.

Asubuhi iliyofuata sikwenda mbali. Wambui, msichana wa Nyeri wa chumba hichohicho, ndiye aliyemkuta Nafula amejikunja sakafuni bafuni akaita ambulensi. Nilimshukuru tukiwa tumeketi kitandani kwake, kisha akanitembeza nje penye miti na nyasi. Nikajifanya mjuaji, nikarudi peke yangu. Majengo ya huko yanafanana kama mapacha! Nilipanda ngazi zisizo zangu nikaingia kwa Wafilipino waliokuwa wanakula. Kabla sijaeleza nimepotea, nilikuwa nimeshawekewa wali. Nao nikawaachia njugu, kwani ningefanyaje?

Siku ya pili, Jebel Ali. Nilipanda treni, nikashuka, nikatembea kando ya malori yaliyobeba makontena mpaka kwenye ghala la Nafula. Nilimkuta langoni amenyooka ndani ya yunifomu, akanitazama kama hanijui. Mgeni haruhusiwi kuingia, hata awe amekuzaa. Msimamizi wake, Mnepali mfupi mwenye sauti ya upole, ndiye aliyewapanga wenzake wamshikie zamu ili asipoteze kazi. Alitoka nje, nikampa mfuko wa njugu juu ya kizuizi. Aliweka mkono kifuani akarudia, "Khalas, Mama, khalas," yaani yatosha.

Kwangu haikutosha. Niliondoka pale roho haijatulia. Kwetu asante haitolewi mlangoni. Unaingia, unaketi, unakula kidogo, ndipo unasema lililokuleta.

Ijumaa ilikuwa zamu ya mtaa wa Naif, kwa Nakato. Huyu ni Mganda aliyewahi kulinda ghala moja na Nafula kabla ya kupata kazi ya usiku hotelini. Ndiye aliyelala kwenye kiti hospitalini mpaka Nafula akaruhusiwa kutoka. Maduka yalikuwa bado yamefungwa, watu wakingoja swala, na vichochoro vimejaa maboksi ya kwenda Mombasa na Dar. Mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anafunga bidhaa zake aliniamkia shikamoo, akaona ninavyoshangaa, akanipeleka mpaka kwenye ngazi.

Nakato alikuja mlangoni, macho mekundu, ametoka kazini. Nikamwambia mimi ni mama yake Nafula na nimekuja kuingia.

"Mama, ndani watu wanalala," alisema, amejaa aibu. "Tuongee hapa."

Nikakataa katakata. Akanifungulia. Jameni, chumba kilikuwa vitanda tu, vya juu na vya chini, kila kimoja na pazia lake, na nyuma ya kila pazia mtu wa zamu ya usiku. Sebule hakuna. Kiti hakuna. Niliona haya kwa ukaidi wangu. Nakato alinikalisha kitandani kwake, akanimiminia chai ya chupa, kisha akapiga magoti kwenye kile kijia kati ya vitanda, kama binti za Buganda wanavyowaamkia wakubwa.

"Simama, mwanangu," nilinong'ona.

"Niache kidogo, Mama," alisema. "Tangu nifike nchi hii sijapata mtu wa kumpigia magoti."

Mnaijua sauti yangu kanisani. Siku hiyo nilimshukuru Mungu na Nakato kwa kunong'ona, nimemshika kichwa, machozi yananitoka. Nilipomaliza, pazia la juu likasema, "Amina." La pembeni nalo likaitika. Kumbe hawakuwa wamelala.

Nikampa njugu zake. Halafu, kwa kuwa mimi ni mama, nikamuuliza, "Na wewe ukiugua, atakulinda nani?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si Nafula?"

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimekuja kumchukua mtoto wangu, na wala sikuwahi kujiuliza nitakuwa nimemnyang'anya nani.

Nilirudi Discovery Gardens kwa treni. Nafula alipotoka kazini alivua viatu akangoja. Nikamwambia abaki. Alilia, nami nikalia, na Wambui aliyekuwa anapika akalia bila kujua sababu.

Nimerudi Kimilili peke yangu, na mnaoniuliza mbona sikumleta, jibu ndilo hilo. Nilikwenda nikidhani mwanangu yuko peke yake duniani, nikamkuta na ndugu ambao sikuwazaa, na ninamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Lakini msidhani nimekuwa mjinga. Siku hizi Nafula hunipigia akiwa amemtembelea Nakato, na akisema yuko sawa, namwambia ampe Nakato simu. Nakato hunieleza yote, hata mafua. Kisha namuuliza, na wewe je? Ananiambia, "Niko sawa, Mama."

Hapo namwambia anirudishie Nafula.