Basi la Usingizi

Fundi Nephtali hakuanza kazi kwa kufungua boneti. Alianza kwa kumpa dereva kiti. Chini ya paa lake la mabati, hatua chache kutoka reli ya Lubunga, kulikuwa na kiti kimoja cha mbao, na kila aliyeleta gari bovu alikaa hapo na kusimulia siku za mwisho za gari lake: lilikuwa limelala wapi, limekunywa mafuta ya nani, limepita maji gani. Mafundi wa ng'ambo ya mto, upande wa mjini, walimcheka. Yeye alijifunza hivyo ujanani katika karakana ya reli, kwa mzee aliyemhoji mwendesha treni kama nesi anavyomhoji mgonjwa. Treni zilipoadimika hadi mtu akangoja moja kwa majuma, Nephtali aliondoka na spana zake na desturi hiyo. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjiki tena.

Asubuhi hiyo aliyekaa kitini ni Sylvain, dereva wa basi dogo jeupe linalokwenda Yanonge.

"Inazima, papa," alisema Sylvain. "Inatoka muzuri, kisha inachoka, inachoka, pff! Ikipoa inawaka tena. Na moshi, mingi."

"Moshi wa rangi gani?"

"Moshi ni moshi. Mimi natazama barabara, papa, si nyuma."

"Inatokea wapi?"

"Huku na huku. Chini chini."

Abiria walikuwa wamekwisha kuweka mizigo yao ndani: mama wanne, katekista mmoja, na Fortunée, binti wa mwisho wa Nephtali, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Alikuwa anampeleka mtoto huyo, Jeancy, Yanonge akaonwe na bibi yake mzaa baba kwa mara ya kwanza. Begi lake lilikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, alichokichagua mwenyewe.

"Papa, fanya mbio," alisema. "Mvua iko inakuja. Tena hii gari ya tonton Sylvain ni ya batoto kabisa. Kila mama anasema. Mutoto akipanda, kidogo tu, amelala. Halii mpaka Yanonge."

Sylvain akajipiga kifua. "Ni mukono wa dereva, mama. Mimi nabembeleza gari."

"Na wakubwa?" Nephtali akauliza.

"Wakubwa nao banalala. Zaidi wa nyuma. Bon, njia ni mirefu."

Nephtali alitazama begi la binti yake kupitia kioo, kisha akamtazama dereva. Macho ya Sylvain yalikuwa mekundu. Mfukoni mwa shati lake kilichungulia kijikaratasi cha vidonge vya kichwa, vyote vimetolewa isipokuwa kimoja.

"Unaumwa?"

"Malaria ya kawaida. Nikiwa nyumbani inapoa, nikishika usukani inaanza. Hata malaria iko inapenda kusafiri." Abiria wakacheka.

Fundi aliinuka. Alichomoa buji moja, ile plagi ya kuwashia moto, akaikuta nyeusi lakini kavu. Akachomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa safi, bila povu jeupe la maji. Akatazama rejeta, nayo haikutoa viputo. Mafundi wengi wangeishia kulaumu mafuta ya chupa ya kando ya barabara, wakayamwaga, wakaliachia gari liende. Yeye alizunguka nyuma, akamwambia Sylvain awashe, akaweka kiganja mbele ya bomba la moshi.

Pumzi iliyotoka ilikuwa hafifu. Injini ilinguruma, lakini kiganjani palifika kitu kama pumzi ya mgonjwa aliyegeuzwa ukutani. Moshi ulikuwa unatengenezwa, hilo lilisikika. Ulikuwa unapita pengine. Kabla hajasema neno, injini ikatetemeka, ikazima.

Alipofungua mlango wa nyuma alipigwa na harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi, harufu ambayo basi lile halikuachana nayo tangu lianze kubeba vikapu vya Yanonge. Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na tenga. Ndani yake kulikuwa na kuku wawili, wamelala kwa ubavu.

"Hawa?"

"Ah, joto, papa. Walikufa jana, nikasahau kutupa."

Nephtali aliwageuza. Hawakuwa na jeraha wala kamasi mdomoni. Undu zao za kichwani zilikuwa nyekundu sana, nyekundu kuliko za kuku wazima wanaotembea uani kwake. Alisogeza tenga, akainua karatasi ya boksi iliyotandikwa sakafuni, na kupitia shimo lililoliwa na kutu, kubwa kama sahani, akaiona ardhi.

"Sylvain, rudi kitini. Kuna maji hukuniambia."

"Maji gani?"

"Gari iko huku Lubunga. Ilikuwa ng'ambo. Ilivuka na nini?"

Dereva akakuna shingo. Siku tisa zilizopita kivuko kilikuwa kimeharibika, na yeye hakutaka kungoja. Alivusha basi kwa mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao. Kila mtu wa huku anajua inavyofanywa: nyuma ya gari hulala chini, karibu na maji, kwa hiyo wapiga kasia huchonga kipande cha mgomba, wakakizungushia kitambaa, wakaziba bomba la moshi. Wakifika wanakichomoa.

"Walichomoa?"

"Walichomoa! Mimi mwenyewe niliona mgomba mukononi."

"Wote?"

Sylvain akageuka kulitazama bomba. Wakati wa kutua, nyuma ya basi ilikuwa imegonga ukingo; hapo mgomba ungeweza kusukumwa ndani na kukatika.

Nephtali alilala chini ya gari na waya wenye ndoano. Alivuta kwa muda mrefu. Kilitoka kwanza kitambaa kilichoungua, kisha nyuzi nyeusi za mgomba, kisha kipande cha kigingi, upande mmoja mkaa, upande mwingine bado una unyevu. Injini ilipowashwa tena ilinguruma bila kuchoka. Abiria wakapiga makofi.

"Alors, imepona!" Sylvain alipiga kelele. "Pandeni, pandeni, mvua!"

"Mutu asipande," alisema Nephtali.

Alieleza akiwa bado anajifuta mikono. Kwa siku tisa moshi ulikosa njia ya nyuma, ukajitafutia yake pale bomba linapoungana na injini. Gasketi ya pale ilikuwa imeungua. Mgomba umetoka, ndiyo, lakini ufa umebaki, na moshi wake unafuata sakafu kwa chini hadi kwenye lile shimo la nyuma, unaingia ndani na kulaza watu.

"Papa, tutafungua madirisha," alisema Fortunée.

"Na mvua hii? Na mutoto?"

Alimwona binti yake anaangalia begi, kisha mawingu, na akajua kuwa maneno hayatatosha. Aliingia basini, akaketi kiti cha nyuma kando ya begi, akafunga vioo vyote. "Washa," alimwambia Sylvain. "Fortunée, hesabu dakika kumi. Ukigonga nisipojibu, fungua."

Hakusikia harufu yoyote ila ya samaki. Hicho ndicho kilichomtisha mwanzoni. Kisha kichwa kikawa kizito kama kimefungwa kitambaa cha maji, na baadaye hofu yenyewe ikamtoka. Kiti kilikuwa kizuri. Aliona mkono wake juu ya kitasa cha dirisha, akawaza kwamba atalifungua, lakini baadaye kidogo, hakuna haraka. Mtu alikuwa anagonga mahali fulani, mbali, na halikuwa jambo lake.

Fortunée alifungua mlango dakika ya saba. Walimburuta kwa kwapa. Alitapika juu ya mchanga, akabaki ameshika ardhi kwa mikono miwili.

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. "Hii gari iko na ndoki, kuna mutu aliiroga."

"Hapana ndoki," alisema Nephtali alipoweza. "Ni shimo."

Abiria walishusha mizigo yao, mmoja baada ya mwingine. Fortunée alitoa begi lake mwisho, akasimama mbali na basi, akimgusa mtoto mgongoni mara kwa mara.

Sylvain tu ndiye ambaye hakuwasaidia. Alikuwa amerudi kwenye kile kiti bila kuambiwa, na midomo yake ilicheza kama ya mtu anayehesabu.

"Siku tisa," alisema.

"Ulibeba nani?" Nephtali akauliza. "Nyuma kabisa. Nani hakuamka?"

"Bote waliamka, papa. Waliamka na kichwa, lakini waliamka." Akakishika kile kijikaratasi cha vidonge mfukoni. "Juzi tulishusha papa mumoja, Augustin. Mukubwa. Alilala sana. Tulimubeba mimi na mutoto wake, tukamulaza kwenye mukeka. Walinishukuru. Walisema, acha apumuzike."

Hakuna aliyemwambia apige simu. Aliitoa mwenyewe, akatafuta namba ya nyumbani kwa Augustin, akaiweka simu sikioni, kisha akaishusha na kufungua spika, labda kwa sababu hakutaka kusikia peke yake. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa, nyuma ya sauti ya mwanamke kulisikika watu wengi wakiimba pamoja, polepole.

"Allô, mama? Ni Sylvain. Sylvain wa basi."

"Ngoja, papa Sylvain," ilisema sauti. "Ngoja nitoke inje. Huku watu ni wengi."

Matone ya kwanza yalianguka juu ya mabati. Sylvain aliishika simu kwa mikono miwili, akangoja.