Nifunge Mimi

Nikifungua bandeji mpya, ile harufu ya pamba kavu hunirudisha kwenye benchi la dispensari, mimi na nyanya, vumbi jekundu hadi magotini.

Kidonda cha mguu wake kilinizidi umri. Kanisani alikaa peke yake karibu na mlango, leso imeufunika mguu, ili harufu isifikie watu. Hospitali kubwa walishasema kisipopona, mguu utakatwa.

Kila wiki sista, muuguzi wa dispensari, alirudia: osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, anza kufunga karibu na vidole, upandishe hadi chini ya goti, na ukikaa, inua mguu. "Ndiyo, daktari," nyanya alimjibu. Kila wiki bandeji ilirudi imeteremka kama soksi kuukuu.

Siku moja sista hakueleza kitu. Alivua kiatu, akaweka mguu wake mwenyewe juu ya stuli.

"Susu," alimwita nyanya kwa lugha ya kwetu, "nifunge mimi."

Nyanya alificha mikono kwenye leso. "Mikono hii ni ya kidonda, mwanangu."

"Si umenawa? Nifunge."

Nyanya alianza karibu na vidole, akivuta kidogo kidogo, akiuliza kama inauma. Alipomaliza, sista hakuifungua ile bandeji. Alizunguka nayo akiita wagonjwa, nasi tukakaa nje kungoja jua lipoe, nyanya akiufuata ule mguu kwa macho kila ulipopita mlangoni.

"Haijalegea," alisema mwishowe.

Kisha, mbele ya watu wote, akaondoa leso, akainua mguu wake, akauweka juu ya benchi.