Komeo la Ndani la Babu Geti

Saa moja kasoro asubuhi, Babu Geti amepiga magoti ndani ya kizimba cha chuma, anachomelea komeo mahali ambapo hakuna fundi mwingine angeliweka. Analiweka upande wa ndani. Tena chini kabisa, usawa wa goti.

Kizimba hicho kimesimama mbele ya karakana yake. Ukubwa wake ni kama wa choo cha uani, kuta ni za bati nene, na juu kuna kidirisha kimoja cha wavu. Mwandishi wa makala haya alikuja akiwa ameshaambiwa mengi kukihusu, na hakuna hata moja lililokuwa zuri.

"Humo ndimo anamowaficha wezi wake," anasema muuza viatu wa ng'ambo ya barabara, bila kuinua macho kwenye viatu anavyopanga. "Mtu akipigiwa kelele, yeye ndiye wa kwanza kufika. Jiulize mwenyewe, anajuaje?"

Ni swali la haki. Fundi huyu wa mageti ana miaka sitini na tisa, na katika miaka kumi na minne amekamata watu saba mtaani kwa mikono yake. Akisikia "mwizi!" hutupa miwani yake ya kuchomelea, humfukuza mtuhumiwa, humkwida, humsukumia kizimbani na kupiga kufuli. Ufunguo huuficha ndani ya soksi. Kisha hukaa mlangoni, nyundo mapajani, mpaka polisi wafike.

Alijuaje kuwa hao ni wezi?

"Sikujua," anasema. "Ndiyo maana niliwafungia."

Jibu la namna hiyo halimtoi mtu wasiwasi. Kituoni, ofisa wa zamu anathibitisha hesabu: saba waliletwa, wanne hawakukutwa na kitu cha mtu, watatu walifika mahakamani. Halafu anashusha sauti. "Hata sisi tunamwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu hafanyi kazi hiyo bure."

Kama kuna faida, haionekani. Zamani alitengeneza mageti sita kwa mwezi, siku hizi akipata mawili anashukuru. Juzi mtu aliandika neno moja kwa chaki ukutani mwa karakana: MSHIRIKA. Babu Geti hakulifuta. Anasema mvua italifuta.

Anapoulizwa kwa mara ya tatu anapata nini, anawasha mashine na kuanza kupiga msasa. Mkewe, anayechambua mboga kizingitini, anashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, mwambie. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Babu Geti anazima mashine. Miaka kumi na minne iliyopita, anasimulia, mvua ilikuwa ndiyo inaanza, na mtu mmoja akapita hapo mbio na redio kwapani. Kuna aliyepiga kelele, umati ukajaa kufumba na kufumbua.

"Mimi nilikuwa na nondo mkononi," anasema. "Pigo la kwanza lilikuwa langu."

Mtu yule alikufa pale pale kilipo kizimba. Kesho yake fundi redio alikuja na kitabu chake cha stakabadhi. Redio ilikuwa ya marehemu, ametoka kuichukua kwenye matengenezo. Alikuwa anaikimbiza isilowe.

Hakuna aliyeshtakiwa. Babu Geti anasema alikwenda kituoni mara mbili kujitaja, na mara zote aliambiwa arudi nyumbani. Ofisa wa zamu anasema hazijui habari hizo. Mwandishi hakupata wa kuzithibitisha. Alichokiona ni kwamba nyumba ile haina redio.

Na komeo la ndani?

"Mwezi uliopita nilichelewa," anasema. "Mita sitini tu, mwanangu! Nimefika, wameshamvunja mtu taya. Kisa magoti."

Basi ameamua kwamba kwa kuwa yeye hawezi tena kukimbia, atakayekimbizwa akimbilie hapo mwenyewe. Mlango utakuwa wazi kutwa. Unafungukia nje, na nje ameshang'oa mshikio na pete ya kufuli, kwa hiyo ukiusukuma unazidi kubana. Komeo liko chini kwa sababu aliyepigwa haji amesimama, anakuja akitambaa.

Muuza viatu ameshavuka barabara, anasikiliza mikono kiunoni.

"Na akijifungia mwizi kweli?"

"Atawasubiri polisi humo humo. Mlango wa nyuma haupo."

"Maneno tu hayo, mzee. Bati likipigwa mateke litafunguka."

Babu Geti habishani. Anashuka chini, taratibu, akiguna, na kutambaa kwa mikono na magoti mpaka ndani. Anauvuta mlango. Komeo linalia. Muuza viatu anasukuma kwa mkono, kisha kwa bega, kisha anapapasa akitafuta pa kushika. Anapiga teke moja, la pili, la tatu. Mlango hautikisiki.

Kutoka kwenye wavu inasikika sauti ya mzee akihema. Anasema mpango wake ni kujenga vingine viwili, kimoja sokoni na kimoja stendi, kabla magoti hayajamwisha kabisa.

"Na wewe, jirani," anaongeza. "Siku wakikupigia kelele wewe, usipoteze muda kulitafuta komeo. Liko chini, mkono wa kushoto."

Muuza viatu anacheka, halafu anaacha kucheka. Anaitazama barabara, watu wanaopita, kisha anauinamia mlango.

"Kushoto ukiwa unaingia," anauliza, "au ukishageuka?"