Kidogo Tu, Yaishe

Nina dharau, na sijawahi kuitafutia dawa. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la mapokezi la zahanati moja hapa Birmingham, na mtu akikaa pale huona mengi. Huona watu wenye digrii mbili wakimkatalia daktari chanjo kwa sababu ya jambo walilolisikia kwa kinyozi. Kwa hiyo mwanangu aliponiletea mchumba Mjapani, na mchumba huyo akanieleza jikoni kwangu, Acocks Green, kwamba wazazi wake walikuwa wafuasi wa lile dhehebu lililomwaga sumu kwenye treni za Tokyo, sikuanguka chini kama alivyotarajia. Nilimpa mwiko akoroge mchuzi usishike chini, nikamwambia aendelee.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, kazi yake kutengeneza meno ya bandia. Walikutana Kings Heath kwenye darasa la kuoka mikate. Mwanangu mimi, mwalimu wa hesabu, ambaye nyumbani hajawahi kusukuma hata chapati moja, alikwenda kulipia ada ili afundishwe kukanda unga! Lakini nilipomwona yule mwanamke nilielewa kwa nini hakukosa darasa.

Baba yake alikuwa mhandisi, mama yake muuguzi. Walianza na mazoezi ya viungo kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Kutoka mgongoni wakapandishwa kwenye roho, na kutoka kwenye roho wakaambiwa waandikishe nyumba yao kwa jina la bwana mkubwa. Bwana mkubwa mwenyewe alikuwa tapeli aliyewahi kushikwa kwa kuuza dawa za uongo, akafuga ndevu, akavaa kanzu ya zambarau, akatangaza kwamba dunia inakwisha na yeye peke yake ndiye mwenye habari kamili. Kabla ya yote hayo televisheni zilikuwa zikimwalika awachekeshe watazamaji. Madaktari, wanakemia na wahandisi wakamfuata, wakavaa kofia zenye nyaya za umeme ili mawazo yake yaingie vichwani mwao. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawa walikuwa wamenyoa.

Dunia ilipochelewa kwisha wakaamua kuisaidia. Wakapanda treni asubuhi na sumu yao imefungwa kwenye magazeti, wakaitoboa katikati ya watu waliokuwa wakienda kazini, wakashuka. Wasomi wazima. Sina neno la heshima la kuwaeleza, na nisingelitumia hata kama ningekuwa nalo.

Yeye wakati huo alikuwa na miaka sita. Aliishi kwenye boma la dhehebu pamoja na watoto wengine, mbali na wazazi, wakilala sakafuni, mpaka polisi walipoingia na kuwatoa wakiwa wamebebwa. Bibi yake akamchukua, akambadilisha jina la ukoo, akahama naye mji. Haikusaidia. Wazazi wa shuleni waligundua wakakusanya sahihi asikae darasa moja na watoto wao. Mchuma janga hula na wa kwao, tunasema sisi, lakini huyu hata hakujua janga lilichumwa wapi. Aliniambia kwamba baada ya siku ile mapipa ya taka yaliondolewa kwenye stesheni za kwao, watu wasipate pa kuficha kitu cha hatari, na mpaka leo Wajapani hubeba taka zao mfukoni hadi nyumbani. Mapipa walijua kuyaondoa. Watoto, hawakujua wawaweke wapi.

Nilimpenda siku ile ile. Si kwa huruma. Huruma naigawa kazini na hunichosha. Nilimpenda kwa sababu alisimulia bila kujipamba. Na nilimpenda zaidi niliposikia alivyosilimu. Alisoma miaka miwili kwanza, akimsumbua imamu kwa maswali kila wiki. Swali la mwisho, imamu mwenyewe alinisimulia akicheka, lilikuwa hili: katika dini hii kuna mtu yeyote mwenye haki ya kumkataza asimpigie simu bibi yake? Imamu akasema hakuna. Akaomba afundishwe shahada jioni ile.

Yaliyobaki yalikuwa posa na nikaha, na hapo ndipo ukoo wa mume wangu ulipoamka. Kwetu Unguja kijana akitaka kuoa, watu huulizia. Binti ni wa nani, mama yake ametokea wapi, nani atapokea posa. Ni desturi nzuri inapofanywa na watu wazuri. Kwetu hufanywa na wifi yangu wa Erdington, ambaye ndiye idara ya upelelezi ya ukoo mzima. Mimi sikumwambia kitu. Mume wangu alimwambia, kwa sababu mume wangu hajawahi kuwa na siri mbele ya dada yake tangu azaliwe.

Wifi akatafuta filamu za lile dhehebu, akazitazama wiki nzima, akatoka profesa.

"Wifi," alinipigia simu, sauti yake tamu kabisa, "unajua walikuwa wanakunywa maji aliyoogea yule bwana?"

"Nimesikia."

"Maji ya kuoga, wifi! Na wanalipia! Sasa mtoto wa watu kama hao, ndani yake mna nini?"

"Mna mchuzi wangu wa juzi. Alikula sahani mbili."

Hakucheka. Alikuwa na kazi ya kusambaza ujumbe wa sauti Unguja, Dar na Toronto. Binamu mmoja wa Toronto akaniandikia kuuliza kama bi harusi anajua kutengeneza sumu. Nikamjibu kwamba anajua kutengeneza meno, na kwamba nikitazama picha yake ya harusi ya juzi, yeye binamu ndiye mwenye haja naye. Hata kazini hawakuniacha. Mwenzangu mmoja wa mapokezi, Mwingereza, ambaye kila mchana hutafuna mkate wake huku akisikiliza hadithi za wauaji masikioni, alinishika mkono na kuniuliza kwa kunong'ona kama anaweza kukutanishwa naye, japo kwa kahawa tu. Nilimwambia mkwe wangu si maonyesho. Watu hawa wote walimcheka yule tapeli na kofia zake, na wote walikuwa wakilamba vidole kwa utamu wa habari zake.

Jumapili tuliyopanga kupatana siku ya nikaha nilipika biriani ya mbuzi. Tulikuwa watano mezani: mimi, mume wangu, mwanangu, mchumba wake, na wifi. Wifi alikuja na basi namba kumi na moja kutoka Erdington, amevaa baibui jipya, na mkobani mwake mna chupa iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alingoja mpaka tukaanza kula. Kisha akaifungua, akaomba glasi, na hakuridhika na glasi za kawaida. Akataka moja ya zile za kabatini. Akamimina kitu cha rangi ya manjano chenye harufu ya waridi.

Lilikuwa kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Mimi sina ugomvi na kombe. Marehemu mama yangu alinipa nilipokuwa mdogo na homa hainitoki, akanishika kichwa kwa mkono wake wa kushoto huku akilia, na mpaka leo harufu ya zafarani hunikumbusha mkono ule. Lakini mama alikuwa ananipa dawa. Wifi alikuwa anatoa mtihani.

"Mwalimu wangu wa dua ameliandika makusudi kwa ajili yako, mwanangu," alimwambia mchumba, na kumgeukia mwanangu amtafsirie. "Mtu aliyezaliwa mle, kitu hukaa kwenye damu. Hili litamsafisha. Akishakunywa, sisi sote roho zetu zitatua. Tutajua yuko na sisi."

Mchumba hakuhitaji tafsiri. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kutosha kuelewa anaposemwa. Aliitazama glasi, akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani.

"Samahani, shangazi," alisema. "Sinywi."

"Hunywi?"

Basi akaeleza kwa Kiingereza, polepole, bila kupandisha sauti. Kule bomani watoto walipewa kikombe kila asubuhi. Hakuna aliyewaambia mna nini ndani. Waliokunywa walihesabiwa kuwa ni wa bwana mkubwa, na waliokataa walikaa peke yao. Alikataa mara moja tu. Tangu alipotoka mle amejiwekea jambo moja, kwamba hatakunywa kitu kuthibitisha yeye ni wa nani.

"Astaghfirullah!" wifi akapiga kifua. "Unalinganisha Qurani na maji ya kuoga ya yule mlaaniwa?"

"Hapana, shangazi. Qurani naisoma kila siku. Sikatai kilichomo ndani. Nakataa kupimwa."

Sijawahi kusikia jambo lililonyooka namna ile mezani kwangu. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Mume wangu alikuwa anachunguza mfupa wa mbuzi kama ndiyo kwanza auone. Nilifungua mdomo mimi, na nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, ya kumtosha wifi mpaka Erdington na chenji ikabaki. Lakini mwanangu aliniwahi.

Alimwekea mchumba wake mkono begani, akatabasamu lile tabasamu lake la kutuliza darasa.

"Babe, it's only water na zafarani," alisema. "Shangazi kaja mbali. Kidogo tu, yaishe."

Kidogo tu, yaishe! Mwanangu si mtu mbaya. Hajawahi kumpiga mtu, hajawahi kuniibia, hajawahi kusahau kunisindikiza hospitali. Alitaka tu kula biriani yake kwa amani. Lakini dharau yangu yote, ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeigawa kwa ukarimu kwa matapeli wa Tokyo na mabinamu wa Toronto, ilirudi nyumbani ikakaa kwenye kiti cha mwanangu. Nilijionea haya kuitambua pale, lakini niliitambua. Wale wahandisi nao hawakuanza na sumu. Walianza na kitu kidogo, mbele ya watu waliowapenda, ili mambo yaishe.

Mchumba alimgeukia. Halafu akasema, kwa Kiswahili safari hii, ili sote tusikie:

"Mama yangu alisema hivyo hivyo. Siku niliyokataa, walimleta yeye aniambie."

Akakunja kitambaa chake cha mezani, akanishukuru kwa chakula, akasimama. Mwanangu akabaki amekaa, anamtazama shangazi yake, kisha mimi, akingoja mmoja wetu alitengeneze jambo. Wifi alisema tuache, mwenye kuondoka haombwi. Nilimwambia wifi kwamba anyamaze kwenye nyumba yangu, kisha nikavaa koti.

Kituo cha basi si mbali na kwangu. Kulikuwa na jua jembamba, maduka ya pale mtaani nusu yamefungwa, na kijana mmoja anafagia mbele ya mkahawa. Nilitaka kumwambia kwamba mwanangu atazinduka, kwamba atakuja mbio sasa hivi bila koti. Nilikuwa nageuka kuangalia kila dakika, naye aliniona nikigeuka. Hakuna aliyekuja.

"Mama," alisema, "ningekunywa, yangeisha?"

Nilijua jibu analolitaka mwanangu. Lilikuwa neno moja, jepesi, na lingemrudisha. Angepanda ngazi zangu tena, angefumba macho, angelinywa, tungepanga siku, na ningemwona mezani kwangu kila Jumapili mpaka nife. Hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya hicho. Lakini nimeishi na ukoo ule miaka thelathini na ushei. Baada ya kombe kungekuja hirizi ya kuvaa. Baada ya hirizi, jina la mtoto, na nani amlee, na kwa nini anakwenda kwao mara kwa mara. Na kila mara mwanangu angemwekea mkono begani.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Yasingeisha."

Alitikisa kichwa kukubali. Basi la Kings Heath lilipofika alinikumbatia, na mimi ndiye niliyechelewa kuachia. Alikaa chini, upande wa pili, sikumwona uso.

Pete ya uchumba ilirudi wiki ile ile, na mwanangu aliponiuliza nilimweleza nilivyomjibu kituoni. Wifi anasema kombe limefanya kazi yake, kwamba lilimfichua na kumtoa, na wapo wanaomwamini. Siku hizi watu humpelekea chupa aende nazo kwa yule mwalimu wake. Mume wangu anasema yaliyopita si ndwele, kwa kuwa msemo huo haumtaki afanye lolote.

Mwanangu bado hajaoa. Huja kula Jumapili, hula kimya, na siku akichoka kunyamaza huniambia kwamba leo angekuwa na mke iwapo mama yake angesema uongo mdogo kituoni. Ni kweli. Angekuwa naye, na angekuwa akimwambia kidogo tu mpaka leo.