Kamba ya Motere

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1953, nikiwa na miaka tisa. Ninalisema jambo hili mwanzoni ili nisilizunguke baadaye. Hata leo, vijana wangu wakiwasha motere pale ufukweni na ule moshi wa esansi, ile petroli iliyochanganywa na mafuta, ukinifikia, mimi nasimama na kwenda kukaa mbali. Wanadhani kifua kinanisumbua. Kifua changu ni kizima.

Siku hizi watu wa ziwa wanaita motere kila kitu kinachonguruma, kiwe ndani ya chombo ao nje. Mimi hapana. Nilikulia kati ya mashini na motere, na najua kwamba si ndugu.

Papa alizaliwa vilimani, juu ya Lushebere, mtu wa ng'ombe. Akashuka Kirotshe kutafuta kazi kwa muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Alianza kwa kubeba magunia, kisha kusafisha mashini ya mashua, kisha siku moja mwenye kuiendesha alikuwa amelewa na Papa akaiwasha. Magunia hakuyarudia tena. Kusoma hakujua. Lakini alikuwa anaweka kiganja juu ya mbao za mashua asubuhi, anasema, "Leo haikulala muzuri," na kweli, kabla ya saa sita mashini ilianza kukohoa.

Kwa kazi ile tulipewa nyumba ya mbao yenye mabati, karibu na maji, na mimi nikapata nafasi katika masomo ya watoto wa wafanyakazi. Nilikuwa mwaka wa pili. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na masomo yanafuata. Kila mtu wa kambi alilijua hilo, hata sisi watoto.

Sasa sikilizeni niwaeleze mashini. Ilikaa katikati ya mashua, chini ya kifuniko cha mbao, imeshikwa na bulo za chuma zenye nati, nene kama dole gumba la Papa. Ilikunywa mazutu, yaani dizeli. Ikifanya kazi, kifuniko kilipata joto, na mimi nikipata safari nililala juu yake kama paka, meno yakigongana kwa kutetemeka. Papa alirudi nyumbani ananuka mazutu mpaka kwenye nywele. Mama aliwaambia majirani, "Bwana yangu alioa bibi mudogo. Anakaa ndani ya mashua, anakunywa mazutu, na hajapika hata siku moja."

Kisha mbao za mashua zikaoza. Mashini yenyewe ilikuwa nzima, lakini ilikuwa imefungwa ndani ya mwili uliokufa, basi na yenyewe ikaisha. Waliivuta mashua nchi kavu, kuku wakataga ndani. Muzungu akaleta pirogi, mtumbwi mrefu, na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku ndimo kulikuwa na motere.

Motere haiingii ndani. Inaning'inia nyuma ya pirogi, nje, kichwa juu na mapanga ya elisi yake chini yanakata maji, na inashikwa na visi, skrubu mbili tu zinazokazwa kwa mkono. Usukani hakuna: unaigeuza yenyewe na pirogi inafuata. Ilikuwa na mbio kuliko mashini. Jioni haikulala majini, maana kitu kinachoning'inia kinaibiwa. Papa na Kaka Bahati, kijana aliyekaa mbele ya pirogi na kasia, waliing'oa na kuibeba mpaka depo, watu wazima wawili, wanahema. Wamama waliokuwa wanafua walingoja saa hiyo ili wamwite kwa jina langu na kumtania.

"Papa Furaha, umezaa tena? Mbona mutoto hana uso?"

"Iko anafanana na wajomba wake," Papa alijibu, bila kusimama.

Papa alikuwa na msemo wake; njo ya kwetu ni ndiyo ya kwenu. "Mashini njo maini. Motere njo kofia. Maini, hakuna muntu anayashikilia akitembea. Kofia, upepo ukivuma, weka mukono."

Mkono wenyewe ulikuwa kamba. Ilitoka shingoni mwa motere mpaka kwenye pete ya chuma ndani ya pirogi. Visi zinalegea kwa kutetemeka, motere ikiruka, kamba inaikamata. Papa aliifunga kila asubuhi. Mimi ule msemo wa kofia niliusikia mara nyingi na nilicheka kila mara, lakini hakuna aliyenionyesha kamba akaniambia, mkono ni huu.

Ilikuwa siku ya soko. Mama alinituma kuni kabla ya masomo. Njiani magome ya migomba niliyofungia yakakatika, na kuni zikamwagika karibu na maji. Pirogi ilikuwa pale, motere imekwisha kutundikwa. Papa na Kaka Bahati walikuwa wamepanda kuchukua magunia ya mwisho. Niliona kamba ya katani, nzuri, nyeusi kwa mafuta. Mashini haikuwahi kuwa na kamba, kwa hiyo kwangu ile ilikuwa kamba tu, mtu ameiacha pale. Nilifungua mafundo mawili, nikafunga kuni zangu, nikajitwika. Shingo ilininuka esansi mpaka darasani. Mwalimu alinihamisha karibu na dirisha.

Papa hakuangalia mara ya pili. Alikuwa ameifunga kwa mkono wake asubuhi ileile, na mashini ilikuwa imemzoeza hivyo miaka mingi: kilichofungwa kimefungwa.

Katikati ya ziwa visi zililegea. Kaka Bahati alisimulia jambo hilo mpaka uzee wake. "Ilisimama kama mbuzi, ikatuangalia, ikapiga kelele mara moja, ikaenda. Hata kwaheri hakuna." Ziwa letu haliulizwi kina. Walipiga kasia mpaka saa kumi, magunia yote yamekauka, nyuma ya pirogi pako tupu.

Kilichosemwa ufukweni sikukisikia mimi. Niliambiwa nikiwa mtu mzima, lakini nakiweka hapa kwa sababu mahali pake ni hapa.

"Kamba iko wapi?" muzungu aliuliza.

"Nilifunga, Bwana."

"Kama ilikatika, kipande yake iko wapi?"

Papa aliangalia pete. Ilikuwa tupu, safi.

"Sikia. Kama kuna muntu aliiba kamba, leta yeye kesho, na wewe unabaki kwa kazi. Kama wewe njo ulisahau, unatoka na watu yako."

Papa akaja nyumbani. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Mama alikuwa amechomoa kuni chache tu za juu, zingine zilikuwa bado kando ya mafiga, zimefungwa. Papa alisimama mlangoni anaziangalia mpaka Mama akamuuliza kama anaumwa.

"Hizi kuni nani alileta?"

"Mutoto wako," Mama akasema. "Leo alijikaza, alileta mingi."

Papa akaketi chini. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaikunja kamba vizuri kama mtu anayetaka kuihifadhi. Kisha akaitia motoni. Moto ukaruka na moshi mweusi, na nyumba nzima ikajaa harufu ya esansi.

"Unachoma kamba nzima?" Mama aliuliza.

"Ilioza."

Nilikasirika. Nilimuuliza Papa kesho nitafunga kuni na nini. Aliniangalia kidogo. "Utafunga na migomba," akasema, "sawa zamani."

Asubuhi alienda akamwambia muzungu kwamba alisahau. Hakupigwa. Kabla ya saa sita nyumba haikuwa yetu tena. Sikulia. Nakumbuka tu kwamba nilihesabu misumari ya mlango wakati Mama anafunga masufuria, na ilikuwa kumi na saba.

Tulipanda mpaka Lushebere kwa ndugu za Papa. Kule malisho yalikuwa yamebanana na ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kugawanywa. Tukaendelea kwa miguu siku nyingi mpaka msitu wa Walikale, mvua juu, matope chini. Papa alipata kazi ya kuvusha watu mto Lowa kwa pirogi ya kasia. Hapo hapakuwa na mashini wala motere. Watu wa msitu walitupokea, wakatupa mihogo na mahali pa kujenga. Lakini habari ilikuwa imetutangulia, na kicheko ni cha bure. Walimwita Papa Sahau.

"Papa Sahau, kasia ulifunga?"

"Papa Sahau, suruali iko?"

Alicheka pamoja nao na kuendelea kupiga kasia. Mimi nilienda kuchota maji mbali na kivuko, ili nisisikie.

Nikiwa na miaka kumi na minne nilianza kubeba mawese mgongoni, kupandisha Masisi na kurudi na maharagwe. Siku moja nilirudi miguu imevimba, nikamkuta anachonga kasia nje ya nyumba. Nikamwambia, "Kama haungesahau kamba, leo mimi ningekuwa mwalimu."

Kisu hakikusimama.

"Njo vile," akasema.

Alikufa kabla sijaolewa. Tulimzika juu ya kivuko.

Mimi niliendelea na mawese. Sikusaidiwa na mtu, na sisemi hivyo kwa kulalamika. Nilitoka mgongo nikaingia baiskeli ya kukodi, nikatoka baiskeli nikarudi Kirotshe na watoto wanne, na siku moja nikanunua motere. Yule aliyeniuzia alikuja kunitundikia mwenyewe. Alikaza visi mbili. Kisha akatoa kamba, akaizungusha shingoni mwa motere, akaifunga kwenye pete kwa mafundo mawili.

"Mama, hii usisahau. Ikiruka, njo itaikamata."

Mkono wangu uliyajua yale mafundo kabla ya kichwa changu. Watu walikuwa wamekusanyika kuangalia mwanamke anayenunua motere, na walingoja niseme neno. Niliuliza kama kuna kamba ya pili.

Jioni nilimwendea Mama. Alikuwa mzee, anamenya viazi.

"Mama, ile kamba ya kuni."

Hakuuliza ipi. "Nilijua siku ile," akasema. "Kamba yenye kuoza haitoe harufu ya esansi."

Njo akanieleza yale maneno ya ufukweni, ya kuleta mwizi. Nilimuuliza kwa nini walinyamaza miaka yote ile, hata nilipomtukana Papa.

"Papa yako alikataza. Alisema motere wanaume wawili wanaibeba na wanahema. Tuiweke juu ya kichwa ya mutoto wa miaka tisa?"

Akaendelea kumenya. Mimi nilimsaidia. Hata hapo sikulia, na sijalia mpaka leo. Ninachokisikia sijui jina lake. Kinafanana na mguu ulioukalia vibaya, unaushika na haukujibu. Ninachokijua ni kwamba Papa aliangalia nyumba yake yote jioni ile, akaona kipi kinaweza kuanguka majini na kipi hakiwezi. Kazi iliweza. Jina lake liliweza.

Leo niko na nyumba ya mbao na mabati, vyumba vinne, hapa Kirotshe, na hakuna kazi inayoweza kuondoka nayo. Shamba la maharagwe. Ng'ombe sita kule Lushebere, walikuwa zaidi. Pirogi mbili. Motere mbili. Mashini sina. Kasia moja ya mti mgumu, nimeiweka juu ya mlango, haiuzwi. Kamba nne: mbili ziko kazini, mbili zimekaa ukutani. Hakuna mtoto wa nyumba hii asiyejua ni za nini.

Kuni tunafunga na migomba.