Siafu Wenye Vichwa Vikubwa

Nilipokuwa mtoto kule Sapiwi, nilijiona bingwa wa kupanga wadudu. Nilikuwa na maboksi matatu ya kibiriti: la sungusungu weusi wanaonuka, la wale wekundu wadogo wa kwenye sukari, na la siafu wenye vichwa vikubwa. Hili la tatu ndilo nililojivunia. Niliwachomoa msafarani kwa kijiti mmoja mmoja, nikiamini ni aina yao peke yao, maana hawakufanana hata kidogo na siafu wadogo wa msafara huohuo.

Bibi alinikuta nikifunga boksi. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

"Ng'wanone, mwanangu, hao na wale wadogo ni ndugu. Ukimfunga mmoja, ukoo mzima unakuja kumtafuta. Warudishe."

Nikaitikia, kisha nikaenda kulificha boksi kwenye chumba cha pamba. Masanja, mdogo wangu wa miezi mitatu, alikuwa amelazwa humo humo, juu ya lundo.

Mvua ilikuwa imekatika mchana ule. Nikiwa uani, nilihisi kimya. Kuku wote walikuwa wamepotea. Nikageuka. Mstari mweusi ulivuka uwanja, ukapita jikoni, ukapita chumba cha Bibi bila kuingia, ukaingia kwenye pamba. Nilimwita Bibi kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Alipomnyakua Masanja, siafu wawili walikuwa wameshang'ang'ania sikio lake.

"Wafungulie," Bibi aliniambia, huku akiwabandua. Nililitoa boksi chumbani, nikalifungua uani. Jioni hapakuwa na siafu hata mmoja.

Leo nafundisha baiolojia mjini Bariadi. Najua wakubwa na wadogo ni spishi moja. Watazame: wote wana kiuno chenye kinundu kimoja, na kichwa kisicho na macho. Naam, hawana macho. Wanafunzi wakiuliza wanaionaje njia, nawajibu kuwa wanafuata harufu, nao wanaridhika. Mimi bado nakikumbuka kile chumba cha Bibi walichokipita bila kuingia.

Wiki iliyopita binti mmoja aliniletea kazi yake ya kupanga wadudu: siafu wenye vichwa vikubwa, kwenye boksi lao peke yao. Nikamwekea kosa, nikaandika kwa wino mwekundu kuwa hawa si aina nyingine. Halafu nikalitoa boksi nje, nikalifungua majanini, nikapiga simu nyumbani kuuliza mwanangu mchanga amelazwa wapi.